Nyumba ya Panya wa Binti Yangu

Mtu akinicheka leo kwamba nilijenga nyumba ya panya kabla ya kujijengea yangu, namwacha acheke. Ni kweli. Tena ilikuwa na vyumba viwili na ngazi, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga chumba na nusu kwa mjane mmoja hapa Singida mjini, na mvua ikinyesha nahamisha kitanda. Mwingereza alikuwa bado anatawala, bendera yake iko juu pale bomani, nami nilikuwa fundi seremala kwenye karakana ya Singasinga mmoja. Kazi nilikuwa nayo. Mtu wa kuongea naye nikishafunga mlango sikuwa naye.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa hajaanza kutambaa. Mimi ni Mnyaturu wa Issuna, yeye alikuwa Mnyiramba wa Misigiri, na mama yangu mzazi alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo mtoto akachukuliwa na bibi yake mzaa mama. Hapakuwa na ugomvi. Mwanamume peke yake na mtoto wa kunyonya angefanya nini? Tukakubaliana kwamba akifikia umri wa shule ataletwa kwangu asome mjini. Nikawa nasubiri. Lori la kwenda Nzega likipita namtumia kitu: sukari, sabuni, kipande cha khanga, siku moja kiti kidogo cha mninga. Nilikuwa nakwenda kumwona pia, lakini akiniona anajificha nyuma ya bibi yake kama watoto wote wanavyojificha kwa mgeni. Nakaribishwa, nalishwa, naaga, naondoka. Njiani najiambia, ngoja aje kwangu, tutazoeana.

Wakati wa kuja ulipofika, mtoto akagoma. Dereva wa lori ndiye aliyeniletea habari. Analia, amekumbatia nguzo ya nyumba, hataki kusikia habari za mjini wala za baba. Sikula siku hiyo. Nilimwambia dereva haidhuru, watoto ndivyo walivyo, nikacheka naye vizuri tu, halafu nikarudi kwenye randa yangu nikaharibu ubao wa watu.

Safari iliyofuata dereva akaja anacheka. "Fundi, binti yako atakuja. Lakini ana wageni wake."

Ilikuwa hivi. Kwenye mavuno ya uwele, bibi yake alikuwa anang'oa mabua shambani, jembe likafumua tundu la panya. Mama panya akafa pale pale, na vitoto vyake karibu vyote. Viwili vikabaki hai, havijafumbua macho, havina hata unyoya. Binti yangu akaviokota, akavificha kwenye kibuyu, akawa anavilisha uji wa ulezi kwa kuchovya uzi. Bibi alikuja kujua vimeshaota manyoya na vinakimbia. Ebo! Mwanamke ana malindo, yale mapipa ya gome la mti ya kuwekea nafaka, yamepangwa ndani ya tembe na chakula cha mwaka mzima, amefuga paka kwa ajili ya panya, halafu mjukuu wake anafuga panya! Akasema watupwe. Mtoto akasema wakitupwa naye anatoka hapo hapo. Ndipo mama mkwe wangu akatuma neno: "Mwambieni baba yake, kwangu panya hawakai. Kama yeye ana pa kuwaweka, mtoto yuko tayari kuja."

Nilimjibu dereva bila kufikiri. "Waje! Hata wangekuwa fisi, waje."

Basi nikaanza kazi. Mimi panya nilikuwa nawajua kwa uadui tu. Nilijua wanavyotoboa, wanapopenda kupita, ubao gani wanauweza na upi unawashinda. Maarifa yote ya kuwazuia wasiingie nikayageuza kuwa ya kuwazuia wasitoke. Nilichukua mbao nzuri zilizobaki nilipotengeneza kabati la mteja, Singasinga akaniruhusu huku anatikisa kichwa. Pembe zote za ndani nikazivika bati la debe nililolipasua na kulinyoosha kwa nyundo, kingo nimezikunja zisiwakate. Mbele nikaweka wavu wa waya, mlango mdogo wa bawaba za ngozi, na komeo ambalo mtoto anaweza kulifungua lakini panya hawezi. Chini sebule, juu chumba cha kulala, katikati ngazi ya vijiti. Nilitaka kuwatandikia maranda, lakini ya mninga yananiwasha pua mimi mwenyewe mpaka napiga chafya, sasa panya na pua yake ile ingekuwaje? Nikaenda ukingoni mwa ziwa Kindai nikakata majani laini, nikayaanika, nikayachanganya na nyuzi za gunia. Maji nikawawekea kwenye kopo la dawa ya viatu nililolichemsha mpaka harufu ikaisha.

Mama mwenye nyumba akaja kutazama. Alikuwa mtu wa maneno. "Astaghfirullah! Watu wote wanatoa panya ndani, wewe unawaingizia samani!"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Siku zile kulikuwa na hofu ya tauni, na bwana afya alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na unga wake wa kuulia viroboto. Panya alikuwa adui wa serikali. Nikamsihi mama yule asinichongee kwa bwana afya, nikashona kitambaa cha kufunika lile sanduku lionekane meza.

"Haya," akasema. "Na mtoto mwenyewe atalala wapi?"

Hapo nilikuwa nasubiri kuulizwa! Nikamfungulia mlango. Kitanda kilikuwa cha mninga, nimekipiga msasa mpaka unajiona, kichwani nimechonga ua. Nilikuwa nimewahi kwenda kurekebisha kabati kwa mzungu mmoja wa bomani, nikaona kule kila mtoto ana chumba chake na kitanda chake, nikasema na wangu atapata. Chumba kizima nikampa yeye, godoro langu nikalihamishia kwenye kile kinusu chenye madebe na jembe. Mama mwenye nyumba alikitazama kitanda, akapitisha kiganja juu ya lile ua. "Kizuri," akasema, akatoka. Mimi nikadhani ni wivu.

Wakaja na lori la ngozi na karanga, wamejaa vumbi. Mama mkwe akateremkia upande wa pili tusikutane uso kwa uso, khanga ameivuta mpaka machoni. Kwetu mkwe haangaliwi. Huli naye, hukai naye chini ya paa moja, na neno lako linapita kwa mtu mwingine hata kama amesimama pale unaposikia pumzi yake. Mtoto akazunguka lori, kibuyu amekikumbatia, mdomo wa kibuyu umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, baba," akasema, vile vile ambavyo angemwambia dereva.

"Marahaba, mwanangu."

"Mwambie baba yako tumefika salama," sauti ikasema nyuma ya lori.

"Mwambie bibi yako namshukuru, pole na safari."

Mtoto akatutazama, huku na huku. "Kasikia," akasema. Nilitaka kucheka lakini mbele ya mkwe huwezi.

Bibi akalala kwa mama mwenye nyumba, na siku za kwanza mtoto akalala naye huko huko. Lakini mchana alikuwa wangu. Siku ya kuwahamishia panya nyumbani kwao niliomba ruhusa kazini. Alifungua kibuyu, akaweka mkono, wakapanda mkononi wenyewe, akawapitisha mlangoni mmoja mmoja. Wakanusa. Wakazunguka sebule. Mmoja akagundua ngazi, akapanda, akafika juu, akarudi chini mbio kumwita mwenzake, wakapanda wote. Binti yangu alicheka kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, akanishika goti ili asianguke. Kinyiramba chake nilikuwa nakisikia nusu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga, ila kwa panya hatukuhitaji lugha. Alinyoosha kidole, nikatazama. Nilinyoosha mimi, akatazama. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Jioni moja mama mkwe akazungumza nami kutoka nyuma ya ukuta wa ua, mtoto akiwa mlangoni katikati yetu.

"Mwambie baba yako nyumba ya panya nimeiona. Nzuri. Panya wa kwetu hawajawahi kukaa hivyo. Na kitanda nimekiona. Mwambie, hapo mtoto atalala na nani?"

"Mwambie bibi atalala peke yake. Ni chumba chake."

Ile sauti ikarudi polepole, haina hata hasira. "Mwambie baba yako, mtoto wetu ana ugonjwa gani mpaka alale peke yake?"

Nilikasirika. Kitanda nimekichonga kwa mikono yangu, chumba nimekihama, halafu naambiwa nimemtenga mtoto kama mwenye ukoma! Lakini mkwe hajibiwi. Nikameza. Na ubaya wa mambo ni kwamba nilijua anachosema. Mimi mwenyewe Issuna nimelala kwenye ngozi ya ng'ombe na watoto wenzangu, miguu ya huyu kichwani kwa yule, mpaka naota ndevu. Kwetu anayelala peke yake ni mgonjwa, au mchawi, au mjane. Binti yangu tangu azaliwe alikuwa amelala mgongoni au ubavuni kwa bibi yake. Mimi baba sikuweza kulala naye, ni mwiko, na mwanamke mwingine ndani mwangu hakuwepo. Yote haya niliyajua tangu zamani. Sijui yalikuwa wapi wakati napiga msasa.

Bibi akakubali mtoto ajaribu kulala pale usiku mmoja. Alfajiri nikachungulia. Kitanda kilikuwa hakijaguswa, shuka limenyooka kama nilivyolitandika. Binti yangu alikuwa chini sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye sanduku la panya, vidole amevipitisha kwenye wavu, na panya wake wawili wamelala ndani wameviegemea vile vidole. Uso wake ulikuwa na michirizi ya machozi yaliyokauka. Nikarudi nyuma taratibu, nikakaa kwenye kinusu changu kati ya madebe mpaka jua likatoka.

Mama mwenye nyumba alinipa dawa moja tu. "Oa, mwanangu. Mtoto wa kike anataka mwanamke ndani." Na mama mkwe, ambaye ni mama wa marehemu, naye akasema nyuma ya ukuta, "Mwambie baba yako akioa nitamleta mwenyewe, nitamkabidhi kwa mikono miwili." Ilimgharimu kusema vile. Sauti ilikatika katikati. Niliwatamani wote wawili, mtoto na mama yake, na mwingine sikumtaka. Hilo sikuweza kumtuma mtoto akaliseme.

Siku ya lori, bibi akamuuliza mjukuu wake, mbele yangu, kwa Kiswahili ili nisikie, "Unabaki au tunarudi?" Nilitazama sanduku. Nilikuwa nimewategemea wale panya, nasema kweli. Nilijiambia bibi hataki panya, panya watabaki, na mtoto hawezi kuwaacha. Mtoto naye alilitazama sanduku muda mrefu. Wakasemezana yeye na bibi yake harakaharaka kwa Kinyiramba, bibi akisema hivi, yeye akitikisa kichwa, mimi nikidaka neno hapa na neno pale.

"Tunarudi," akaniambia.

Akanifundisha jinsi ya kuwatunza. Maji yabadilishwe asubuhi. Ulezi kidogo, karanga kidogo, wasinenepe. Yule mwenye sikio lililochanika anapenda kukunwa shingoni. Nikaitikia kila kitu, ndiyo mwanangu, sawa mwanangu. Lori likaondoka, vumbi likapanda, likatulia. Nikarudi nyumbani nikakaa mbele ya wavu. "Haya," nikawaambia, "mmebaki na mimi." Tangu mke wangu afariki sikuwahi kujisikia mpweke kama mchana ule.

Binti yangu akaanza shule ya misheni huko huko kwao, na kila likizo bibi yake akawa anamleta, wanalala kwa mama mwenye nyumba, wanakaa siku chache, wanarudi. Akiteremka kwenye lori ananiamkia, halafu anakwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Mimi nyuma yake. Likizo ikiisha nahesabu nyingine. Mtu mwenye mtoto ndani hawezi kujua ilivyo kuishi kwa kutegemea likizo.

Halafu asubuhi moja nikamkuta mmoja amelala ubavu, baridi. Sikumlilia panya, sidanganyi. Nilijiambia, wakiisha hawa, huyu mtoto atakuja kufanya nini hapa? Likizo ilikuwa karibu. Nikachukua jembe nikaenda kwenye mashamba yaliyovunwa, mtu mzima na suruali yangu ya kazini, nikaanza kufukua matundu. Wachungaji wa mbuzi wakanizunguka. "Fundi, mboga imekwisha?" Nikawafukuza. Nilipata mmoja wa rangi ile ile, akaniuma kidole mpaka kwenye mfupa, nikamtia mfukoni hivyo hivyo. Nilimfuga, nikamlisha, nikamzungumzisha mpaka akapunguza ukali.

Binti yangu akaja, akachuchumaa, akatazama. "Wamekua," akasema. Nikashusha pumzi.

Wa pili akafa, nikambadilisha. Yule mpya naye akafa. Panya haishi sana, hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipokuwa najenga. Nikawa mtu wa mashambani kila baada ya mavuno, na mji mzima wa Singida ukajua kwamba fundi wa karakana ya Singasinga anakula panya. Sokoni watu wananiuliza kama wana mafuta. Niliwaacha. Bwana afya mwenyewe siku moja alinipongeza kwa bidii yangu ya kuwamaliza.

Mtoto akawa msichana. Kiswahili chake kikanyooka kushinda changu. Likizo moja alikuja kuniaga, amechaguliwa kwenda kusoma bweni mbali, na alikuwa anawasafishia panya, amevaa gauni la shule, mikono imejaa majani. Mimi nilikuwa nimefunga kitambaa kidoleni, nimeumwa tena.

"Baba," akasema bila kugeuka, "hawa ni wa mara ya ngapi?"

"Wa mara ya ngapi nini?"

"Wale wangu walikuwa majike wote wawili. Huyu dume. Na yule wa mwaka juzi alikuwa dume pia, tena mkali."

Ebo! Nilikaa chini. "Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu ulipobadilisha wa kwanza."

"Na ukanyamaza!" Hasira zangu zote za miaka zikatoka hapo. "Nimeumwa vidole vyote kumi! Naitwa mla panya mpaka kwenye ibada! Nafukua mashamba ya watu kama kichaa, ili tu wewe uwe na kitu cha kukuleta hapa, na wewe unajua, unanitazama!"

Aligeuka, akanitazama kama hanielewi. "Mimi nilikuwa nakuja kwako, baba. Hawa nilidhani wewe ndiye unayewataka."

Akafunga komeo, akajipangusa mikono.

"Siku ile tunaondoka, bibi alisema niwachukue. Alisema atafunika malindo, atawavumilia. Mimi ndiye niliyekataa."

"Kwa nini?"

"Wewe ungebaki na nani?"

Nikasema nakwenda kuchota maji, nikatoka. Nililia nyuma ya nyumba mpaka mama mwenye nyumba akaja mbio, ameshika mwiko, ananiuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, binti yangu amekuja.